Vifuniko vya Makopo ya Maman

Ngozi ya Maman ilikuwa na rangi nne, na mimi ndiye niliyezihesabu kwa sauti, mezani, mbele ya wageni. Mashavu mekundu kama nyanya iliyosahauliwa juani. Paji la uso la njano. Chini ya macho mabaka ya kahawia, yamekaa kama visiwa vya ziwani. Halafu vifundo vya vidole, vyeusi tii, ambavyo viligoma kubadilika hata vikipakwa nini.

"Maman," nilisema, "weye uko bendera ya inchi gani?"

Wageni wakacheka. Maman akacheka pia, akaninyanyulia mwiko, tukaendelea kula. Nilijiona mjanja sana siku ile.

Maman anauza mafuta ya kupaka sokoni Kamembe. Alikulia Bukavu, upande wa Kongo, kama wazee wetu wengi hapa, wakarudi Rwanda wakiwa watu wazima, na bado huvuka daraja la mpakani la Rusizi II kila Jumanne na Ijumaa kama mtu anayekwenda kuchota maji. Juu ya meza yake kuna glisirini, vazelini, sabuni na mafuta ya watoto. Chini ya meza, ndani ya mfuko wa mchele, ndimo mlimokuwa na ile nyingine, mukorogo wa kung'arisha ngozi, ambayo upande huu imepigwa marufuku. Wateja hawakuhitaji kuambiwa. Walimtazama usoni tu, wakainama.

"Muntu hawezi kuuza sabuni na yeye ni muchafu," alikuwa akisema. Maana yake uso wake ndio ulikuwa kibao cha duka.

Alikuwa na ufundi wa kuvusha. Kule Bukavu, nyumbani kwa rafiki yake, alikamua tyubu zote ndani ya makopo matupu ya vazelini, halafu juu akatandika vazelini ya kweli, laini, kama mtu anayetupia shuka juu ya kitanda ambacho hakijatengenezwa. Tyubu zilibaki huko. Kabla ya kuzitupa alizipiga picha kwa simu, upande wenye maandishi madogo, ili mimi nisome. Nasoma hisabati, kemia na biolojia, na katika ukoo wetu hilo linatosha kunifanya mfamasia.

Nilisoma kweli. Mara nyingi majina yalikuwa mawili. La kwanza haidrokinoni, ambayo inaizuia ngozi kutengeneza rangi yake. La pili klobetasoli, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inapendeza. Ni dawa ya hospitali, ya magonjwa ya ngozi, inayotakiwa kupakwa kidogo na kwa muda mfupi. Inainyamazisha ngozi. Wekundu, muwasho, vipele, vyote kimya ndani ya siku mbili tatu. Lakini ukiendelea nayo ngozi inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na siku ukiacha, kila kilichokuwa kimenyamazishwa kinapiga kelele kwa pamoja.

Nilimwambia Maman? Nilimwambia. Nilimwambia kwa mzaha, nikiigiza sauti ya mwalimu wangu wa kemia, na yeye akacheka hadi akashika ubavu. Ndiyo tabu ya kuwa mtu wa kuchekesha nyumbani kwenu. Ukisema nyumba inaungua, wanasubiri umalizie.

Hakutaka majina ya kweli yaandikwe kwenye makopo, kwa kuwaogopa watu wa ukaguzi. Basi nikayapa majina ya watu wa shuleni kwetu. Klobetasoli niliiita PREFE, yaani mkuu wa nidhamu: akiingia darasani kimya cha makaburi, akitoka fujo mara mbili ya ile ya mwanzo. Haidrokinoni ilikuwa SEKRETERE, karani anayefuta majina polepole bila kukuambia. Niliandika kwa kalamu nene ya wino usiofutika, herufi kubwa nzuri. Niliandika kwenye vifuniko.

Msimu wa mvua uliopita, mashavu ya Maman yalianza kuwaka bila sababu. Chai ya moto, yanawaka. Moshi wa makaa, yanawaka. Ukimsogelea uliona nyuzi nyekundu chini ya ngozi, nyembamba, zimesambaa. Alizidisha kupaka. Halafu siku moja mteja, mama wa heshima tu, akainama mezani na kusema kwa upole, "Maman, nipe ile yenye weye haupakake kwa uso yako."

Maman alimwuzia sabuni. Alipofika nyumbani hakula. Kesho yake, nikiwa likizoni, tukapanda hospitali ya Mibirizi.

Daktari wa ngozi alikuwa dada mmoja kijana, mweusi, ngozi imetulia hadi mtu unaona wivu. Alimwangalia Maman kwa taa ndogo, shavu moja, shavu la pili, akamwuliza anapaka nini.

"Vazelini tu, Dokta."

Daktari akanigeukia mimi. Mimi nikaangalia ukuta, palikuwa na picha ya mama anayenyonyesha.

"Maman, ngozi yako inasema kitu kingine."

"Klobetasoli," nikasema. "Miaka tisa. Na haidrokinoni."

Maman alinifinya paja, ile ya kupinda.

Daktari hakugomba. Ingekuwa afadhali. Alieleza taratibu, kana kwamba anasoma habari za mtu mwingine. Kwamba Maman aache vyote. Kwamba uso utakuwa mbaya kuliko sasa, mwekundu, umevimba, unawasha, na hiyo si alama ya kwamba dawa imekataa, ndiyo njia yenyewe. Itachukua wiki nyingi, labda miezi. Mchana apake krimu ya jua yenye zinki, jioni asidi azelaiki, ambayo hupunguza wekundu na mabaka pia, lakini polepole sana, na siku za kwanza huchomachoma. Baadaye, ngozi ikikubali, ataongeza niasinamidi, nayo ya kutuliza.

"Na nisipoacha?" Maman aliuliza.

"Ngozi itaendelea kuisha. Kuna siku utajikata, au utafanyiwa upasuaji, tutashona na haitashika uzi." Akaandika karatasi. "Zile nyuzi nyekundu, nyingine zinaweza kubaki. Lakini ukiacha sasa, sehemu kubwa unaweza kuipata. Ukirudia, tunaanza upya, na kila tunapoanza upya unabakiwa na kidogo zaidi cha kuokoa."

Halafu akanitazama mimi, mfamasia wa ukoo. "Hakuna kitu cha uaminifu kinachoondoa mabaka kwa siku tatu. Mkiona siku tatu, muogope."

Tulishuka kwa miguu hadi barabara kubwa. Hapo ndipo Maman aliposema, "Yeye alizaliwa na uso ile. Nani hawezi kuongea?"

Lakini aliacha. Lazima niandike hilo, maana aliacha kweli. Na uso ukafanya kama daktari alivyosema, ila maneno ya daktari hayana harufu wala maji. Mashavu yalivimba hadi macho yakawa midomo ya mifuko. Ngozi ilipasukapasuka ikatoa majimaji ya njano. Alikaa ndani, mapazia yamefungwa, kitambaa kibichi usoni, anajipigapiga kwa viganja kwa sababu kukuna kulikatazwa. Misa aliacha. Mezani sokoni alikaa mdogo wake, Tantine wetu, na majirani wakaanza kuzungumzia sumu, wengine wivu wa wafanyabiashara. Mimi niliwaambia kuwa Maman ameungua na mafuta ya maandazi. Walikubali upesi. Uongo wa jikoni huwa haushukiwi.

Asidi azelaiki aliifuata mwenyewe Bukavu, uso ndani ya kitenge, kwa sababu upande huu tuliambiwa tusubiri. Aliporudi akaniwekea mezani kopo la vazelini.

"Dawa iko wapi?"

"Hiyo."

Nilifungua. Alikuwa amekamua tyubu nzima ya dawa halali, yenye karatasi ya daktari, ndani ya kopo, na juu yake akatandika vazelini.

"Maman! Hii ni ya famasi! Hii ungepita nayo mukononi, ungewaonyesha, wangekupigia saluti!"

Alilitazama kopo kama mtu anayeamshwa. "Mukono imezoea," alisema.

Nikakwangua vazelini, nikachukua kalamu na kuandika PADRI kwenye kifuniko, kwa kuwa mahubiri yake ni marefu na faida huioni ila baada ya miezi. Nikaliweka dirishani. Chini ya kitanda lilibaki kopo moja la PREFE, la mwisho. Nilitaka kulimwaga. Maman alisema hilo si la kupaka, ni la kuuza, mali haimwagwi. Makopo yale yalifanana, ukubwa mmoja, rangi moja, krimu nyeupe kwa nyeupe.

Sasa Tantine. Tantine alikuwa akija kila siku kumwamkia mgonjwa, na kila siku akitoka anang'aa zaidi ya alivyoingia. Nilimvizia. Alikuwa anaingia chumbani, anapiga magoti kama anayesali, anavuta kopo kutoka chini ya kitanda na kuchota kwa vidole viwili.

"Tantine, unasali mutakatifu gani huko chini?"

"Natafuta kandambili yangu."

"Umeivaa."

"Weye mutoto uko na kinywa! Siku moja itakufikisha mbali, na huko mbali watakupiga."

Jumamosi moja, shule ikiwa imeshafunguliwa, nilikuwa nyumbani kwa ruhusa ya siku mbili, kwa sababu shuleni kwetu tunalala. Nikapata wazo. Nilibadilisha vifuniko. Kifuniko cha PREFE nikakiweka juu ya kopo la dawa na kulisukuma chini ya kitanda, na kifuniko cha PADRI nikakiweka juu ya lile jingine, dirishani. Nilitaka Tantine achote, apake, awashwe kama aliyekalia siafu, atoke anaruka. Nilipanga kurudisha kila kitu kabla ya jioni, Maman anapopaka. Nilicheka peke yangu nikiosha vyombo.

Tantine hakuja siku ile, na jioni usingizi ukanichukua kabla sijarudisha kitu. Jumapili nayo mvua ilinyesha tangu asubuhi, gari la kurudi shuleni likawahi kuondoka, nikalikimbilia na viatu mkononi. Vifuniko nilivisahau kabisa, kama mtu anavyosahau kikohozi.

Siku nne baadaye matroni aliniita ofisini. Simu ya nyumbani.

"Mutoto wangu!" Sauti ya Maman ilikuwa ya zamani, ile ya sokoni. "Uso imetulia! Uvimbe imeisha! Leo nilitoka mupaka sokoni, bantu bananiuliza, Maman ulikuwa wapi, umeoga maji gani!"

Nilipiga kelele za furaha mpaka matroni akanikanya. Bwenini nilicheza, nikawaambia wasichana wote kwamba mama yangu amepona, nikasali hata, na mimi huwa sisali isipokuwa kabla ya fizikia. Nililala vizuri. Asubuhi nilikuwa nimeinama bombani, sabuni usoni, macho nimefumba, ndipo nilipoviona vile vifuniko. Nilibaki nimeinama vile hadi aliye nyuma yangu akanisukuma.

Siku tatu. Mkiona siku tatu, muogope.

Simu ya matroni ilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Ningeomba dakika moja. Ningesema, "Maman, usipake, ni Prefe." Nilifika mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza matroni alikuwa na mgeni. Mara ya pili hakuwa na mgeni. Alisema, "Unataka nini?" nikamwambia ninaomba uzi wa kushonea kifungo, akanipa uzi, nikarudi bwenini na uzi wangu. Nilijiambia kwamba amefurahi, mwache afurahi wiki moja. Nilijiambia pia kwamba likizo iko karibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kuwa mtu aliyefanya vile. Zilipita siku kumi na mbili, na kila jioni, ilipofika saa ya Maman kupaka, nilikuwa najua.

Niliporudi nyumbani nilimkuta uani anatwanga sombe, majani ya mihogo. Alikuwa mzuri. Sitaki kudanganya. Mashavu yalikuwa yametulia, mabaka yamefifia, na alikuwa anaimba. Niliweka begi chini, sikuondoa hata koti la shule.

"Maman. Lile kopo la dirishani si Padri."

Mchi ulipanda ukashuka.

"Nilibadilisha vifuniko. Nilitaka kumchezea Tantine. Unajipaka Prefe, Maman."

"Najua," alisema.

Nilidhani hakusikia. Nikarudia. Mchi ukasimama.

"Mutoto, mi nauza ile kitu tangu haujajua kemia ni nini. Ile dawa ya Dokta inanukaka kama chaki. Hii inanukaka vile inanukaka. Siku ya kwanza nilifungua tu, nikajua."

"Na ukapaka?"

Alifuta jasho la shingoni, uso hakuugusa. "Nilisema, hapa pameandikwa Padri. Nani aliandika? Mutoto wangu wa kemia. Kama kuna kosa, haiko yangu." Akatabasamu kidogo, vile mtu anavyotabasamu akishikwa na sukari mdomoni. "Unajua mara ngapi nililia juu ya kile kikopo ingine ya Dokta? Unajua muntu akikuangalia halafu anaangalia chini, inafanyaka nini? Nilichoka. Halafu weye ukanipatia njia."

Nilivua koti la shule. Nilikuwa nimekaa siku kumi na mbili na siri, na mama yangu naye na yake, na zilikuwa siri moja.

Niliingia chumbani nikachukua lile kopo, nikaenda nalo chooni. Nilitegemea atanifuata, atanipokonya, atasema mali haimwagwi. Hakunifuata. Nilikwangua kwa kijiti hadi chini. Niliporudi alikuwa anatwanga tena, ila haimbi.

Tulianza upya, kama daktari alivyosema. Safari hii ilikuwa mbaya zaidi, na safari hii alijua kila kilichokuwa kinakuja. Mashavu yalifunguka. Shingo ikafuata. Daktari alipomwona aliandika muda mrefu bila kuuliza kitu, na mimi nikamweleza habari za vifuniko kwa ufupi, nikingoja anigombeze. Alisema tu kwamba safari ijayo dawa ikae kwenye tyubu yake. Halafu akamwambia Maman kwamba nyuzi za shavu la kushoto sasa hazitaondoka.

Hatukuweza kumwachia Tantine meza milele. Baada ya mwezi Maman alirudi sokoni, kitenge kimezunguka kichwa na kidevu, mimi pembeni yake kwa kuwa ilikuwa bado likizo. Chini ya meza hapakuwa na kitu. Alikuwa ameamua hivyo mwenyewe, hakunieleza, na mimi sikuuliza.

Msichana mmoja akaja. Nilimfahamu kwa sura, yuko shuleni kwetu, mwaka mmoja nyuma yangu. Ana chunusi mbili tatu, na mabaka ya zile alizozitumbua, basi. Akainama.

"Maman, banasema uko na ile ya haraka."

Maman alimtazama. Halafu akashusha kitenge, chote, katikati ya soko, mchana kweupe. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo hata mbele ya padri. Uso mwekundu, umemenyeka, shavu la kushoto limejaa nyuzi.

"Ndiyo hii," alisema. "Ile ya haraka. Angalia bien, muzuri sana."

Msichana aliangalia. Aliangalia kwa muda mrefu kweli, kwa huruma kabisa, akaweka mkono kifuani.

"Pole sana, Maman," alisema. "Lakini mimi nitapaka kidogo tu. Wiki moja."

Akasogea hadi meza ya tatu, kwa mama mwingine, akainama pale.

Maman akapandisha kitenge polepole. Akaniomba nimpitishie zinki.

Shule ilipofunguliwa nilimwona kwenye mstari wa asubuhi. Mabaka hakuna, chunusi hakuna, uso kama sahani mpya, na wenzake wamemzunguka wanamwuliza anapaka nini. Nilimfuata siku ile ile, nikamweleza yote, klobetasoli, ganda la kitunguu, uzi usioshika. Nilieleza vizuri. Alicheka, akasema, "Weye bwana, na maigizo yako."

Jumapili nilipiga simu nyumbani. Maman aliuliza kama nimekula, akaniambia mvua imebomoa uzio, Tantine anakohoa. Uso, alisema, uko tu. Nikasikia kuku wetu nyuma yake.

"Yule mutoto wa shule yenu," alisema, "yule wa sokoni. Umemwona?"

"Nimemwona."

"Uso yake je?" Aliuliza taratibu, kama anayeulizia ndugu aliyehamia mbali. "Imetulia?"

Matroni alikuwa ananionyesha saa yake ya mkononi.

"Hapana, Maman," nikasema. "Imeharibika kabisa."